Radoni nyumbani: Namna ya kumpata mpimaji na fundi mwenye cheti

MNAMO Desemba 1984, mhandisi Stanley Watras aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Limerick, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, alianza kuliza ving'ora vya mitambo ya kutambua miale kila alipopita. Lililowashangaza wengi ni kwamba kituo hicho kilikuwa hakijaanza kuzalisha umeme. Uchunguzi ulipofanywa, ilibainika kuwa Watras hakuwa akiibeba miale hiyo kutoka kazini kwenda nyumbani, bali alikuwa akiitoa nyumbani kuileta kazini.

Hewa ya nyumba yake ilipatikana na gesi ya radoni ya kiasi cha pikokyuri 2,700 hivi kwa lita. Kiwango ambacho Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani (EPA) humtaka mwenye nyumba achukue hatua ni pikokyuri 4 tu. Familia hiyo ilihama, mafundi wakaingia kazini, na baada ya miezi kadhaa ikarejea katika nyumba ile ile, gesi ikiwa imepunguzwa hadi kiwango kinachokubalika.

Kisa hicho ndicho kilichowazindua Wamarekani kwamba gesi iliyokuwa ikijulikana kuwadhuru wachimba migodi huweza pia kujikusanya katika vyumba vya kulala. Mwaka wa 1988, bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kupunguza radoni majumbani. Tangu hapo kumezuka taaluma nzima ya wapimaji na mafundi, pamoja na matapeli wanaojipenyeza miongoni mwao.

Kwa maelfu ya Wakenya waliohamia Minnesota, Massachusetts, New Jersey na majimbo mengine, suala hili si la kinadharia. Wengi wao hununua nyumba zenye orofa ya chini ya ardhi, jambo ambalo ni nadra nyumbani Kenya. Aghalabu orofa hiyo ndiyo hupewa mwanafunzi aliyewasili majuzi, mama aliyekuja kulea wajukuu au mpangaji anayesaidia kulipa mkopo wa nyumba. Nayo ndiyo sehemu ya nyumba ambayo kwa kawaida huwa na radoni nyingi zaidi.

Gesi yenyewe

Radoni hutokana na urani iliyo katika udongo na miamba. Urani huoza polepole na kugeuka radiamu, nayo radiamu hutoa radoni. Gesi hii haina rangi, harufu wala ladha, hivyo hakuna binadamu awezaye kuitambua bila kifaa. Nusu yake huoza katika muda wa siku 3.8 na kuzaa chembechembe nyingine, zikiwemo za poloniamu, ambazo hunata katika mapafu ya anayezivuta. Miale ya alfa inayotoka kwenye chembechembe hizo hujeruhi chembe hai za mapafu, na baada ya miaka mingi majeraha hayo yanaweza kuzaa saratani.

EPA hukadiria kwamba radoni husababisha vifo 21,000 hivi vya saratani ya mapafu kila mwaka nchini Marekani, ikiwa ya pili baada ya uvutaji sigara. Miongoni mwa wanaofariki, takriban 2,900 ni watu ambao hawajawahi kuvuta sigara. Kwa wavutaji hatari huongezeka maradufu: katika kila wavutaji 1,000 wanaoishi maisha yao yote katika hewa yenye pikokyuri 4, watu 62 hivi huweza kupata saratani ya mapafu, ilhali miongoni mwa wasiowahi kuvuta idadi hiyo ni 7.

Gesi huingia nyumbani kupitia nyufa za sakafu, viungo vya kuta na sakafu, matundu ya mabomba na mashimo ya kukusanyia maji. Wakati wa baridi hewa yenye joto hupanda juu na kutokea darini, nayo nyumba huvuta hewa nyingine kutoka ardhini mithili ya bomba la moshi. Kwa kuwa madirisha hufungwa miezi mingi, gesi hukosa pa kutokea.

Mwaka wa 1993, EPA ilichapisha ramani iliyogawanya nchi katika kanda tatu. Jimbo zima la Iowa liliwekwa katika kanda yenye hatari kubwa zaidi. Katika jimbo la Minnesota, idara ya afya hukadiria kuwa nyumba mbili katika kila tano zina kiwango cha kutia wasiwasi. Hata hivyo, ramani si kipimo. Nyumba mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana sana, na matokeo ya jirani hayamwambii mtu lolote kuhusu hewa yake mwenyewe.

Kupima kwanza

Si lazima mwenye nyumba aanze kwa kumwita mtaalamu. Kifaa cha kujipimia huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na idara za afya za majimbo mengi huvitoa bure au kwa bei nafuu. Kifaa cha kawaida ni kopo au mfuko wa makaa maalumu unaoachwa wazi kwa siku chache, kisha hutumwa kwenye maabara. Kipimo cha muda mrefu, ambacho hukaa zaidi ya siku 90, huonyesha vizuri zaidi hali ya mwaka mzima kwa kuwa kiwango cha radoni hupanda na kushuka kulingana na majira.

Kifaa huwekwa katika orofa ya chini kabisa inayokaliwa na watu, angalau sentimita 50 kutoka sakafuni, mbali na madirisha, milango na kuta za nje. Jikoni, bafuni na chumba cha kufulia nguo si mahali pake. Kwa kipimo cha muda mfupi, madirisha yote na milango ya nje hufungwa saa 12 kabla ya kuanza na hubaki hivyo hadi mwisho, ila kwa kuingia na kutoka kwa kawaida.

Matokeo ya kwanza yakifika pikokyuri 4 au zaidi, kipimo cha pili hufanywa kabla ya kutumia pesa kwa ukarabati. Yakizidi 8, kipimo hicho cha pili huwa cha muda mfupi na hufanywa mara moja. Yakiwa kati ya 2 na 4, EPA humshauri mwenye nyumba afikirie kupunguza gesi hiyo, kwa kuwa hakuna kiwango cha radoni kinachojulikana kuwa salama kabisa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka wa 2009 kiwango cha bekereli 100 kwa mita moja ya ujazo, ambacho ni sawa na pikokyuri 2.7.

Mtaalamu huhitajika zaidi nyumba inaponunuliwa au kuuzwa. Hapo kila upande una maslahi yake: muuzaji anataka namba ndogo, na mnunuzi anayetaka kupunguziwa bei huenda akafurahia namba kubwa. Mpimaji asiye na upande hutumia mtambo unaorekodi kiwango saa baada ya saa, kwa muda usiopungua saa 48. Dirisha likifunguliwa usiku wa manane, rekodi hiyo huweza kumfichua aliyelifungua.

Cheti si sawa na leseni

Wengi hukanganywa na maneno mawili: cheti na leseni. Cheti hutolewa na shirika la kitaaluma kumthibitisha mtu aliyesomea kazi na kufaulu mtihani. Leseni hutolewa na serikali ya jimbo, na bila hiyo mtu haruhusiwi kufanya kazi hiyo katika jimbo lililoiweka kisheria.

Katika ngazi ya kitaifa, mashirika mawili ndiyo hutoa vyeti vinavyotambuliwa: Mpango wa Kitaifa wa Ustadi wa Radoni, unaojulikana kwa herufi NRPP, na Bodi ya Kitaifa ya Usalama wa Radoni, yaani NRSB. Yote mawili huweka orodha za wenye vyeti hai katika tovuti zao, ambapo mtu hutafuta kwa jina au kwa eneo. Vyeti hivyo huwa na muda maalumu, na mwenye cheti hutakiwa kuendelea na masomo ili kukifanya upya.

Jambo moja lafaa kukumbukwa sana. EPA yenyewe haimpi mtu yeyote cheti. Ilikuwa na mpango wake wa kuwaorodhesha wataalamu, lakini uliufunga mwaka wa 1998. Kwa hivyo, yeyote anayejinadi leo kuwa ameidhinishwa na EPA ama haifahamu kazi yake au anamdanganya mteja.

Kuhusu leseni, kila jimbo lina utaratibu wake. Pennsylvania, New Jersey, Illinois, Ohio, Florida na Iowa ni miongoni mwa yale yanayowadhibiti wapimaji na mafundi kisheria. Minnesota ilianza kuwataka wawe na leseni kuanzia Januari 1, 2019, na kila mtambo unaowekwa na fundi mwenye leseni jimboni humo hubandikwa kibandiko cha idara ya afya. Asiyekiona kibandiko hicho kwenye mtambo uliowekwa baada ya tarehe hiyo ana sababu ya kuuliza maswali. Katika majimbo yasiyo na leseni, cheti cha NRPP au NRSB ndicho kinga pekee ya mteja.

Njia salama ya kuanza utafutaji ni kuingia katika tovuti ya idara ya afya au ya mazingira ya jimbo na kuitafuta orodha ya radoni. Jina linalopatikana kwa rafiki, kanisani au katika tangazo la gazeti halina ubaya, mradi lilinganishwe na orodha hiyo kabla ya pesa kutolewa. Aidha, jina la kampuni pekee halitoshi. Anayepaswa kuwa na cheti ni mtu, na mteja ana haki ya kuuliza ni nani hasa atakayefika nyumbani na namba ya cheti chake ni ipi.

Vilevile vyeti ni vya aina mbili. Kuna cha kupima na kuna cha kupunguza gesi. Aliye na kile cha kwanza hajafuzu kwa kazi ya pili. EPA huwatahadharisha wenye nyumba kuhusu mgongano wa maslahi pale mtu yule yule anapopima, akatangaza kuwa kuna hatari, kisha akajiuzia mwenyewe dawa yake. Ni busara mpimaji na fundi watoke katika kampuni tofauti, hususan katika kipimo cha mwisho cha kuthibitisha kwamba kazi imefaulu.

Fundi wa kupunguza gesi

Mbinu inayotumika zaidi ni kuvuta hewa iliyo chini ya sakafu kabla haijaingia ndani. Fundi hutoboa sakafu ya saruji, huingiza bomba la plastiki, na kulipandisha hadi juu ya paa. Feni iliyounganishwa na bomba hilo hufanya kazi usiku na mchana, ikiinyonya gesi kutoka ardhini na kuitupa nje ambako hutawanyika upesi. Nyumba iliyo na shimo la kukusanyia maji hufunikwa shimo hilo kwa kifuniko kisichopitisha hewa. Iliyoinuliwa juu ya udongo mtupu hutandikwa karatasi nzito ya plastiki, na bomba huvuta hewa iliyo chini ya karatasi hiyo.

Fundi mzuri hatoi bei kwa simu bila kuiona nyumba. Atauliza ilijengwa vipi, ataangalia msingi na mifereji yake, na pale panapohitajika atafanya jaribio dogo la kutambua jinsi hewa inavyopita chini ya sakafu. Jaribio hilo ndilo humwonyesha kama tundu moja litatosha au yatahitajika mawili, na feni iwe ya nguvu gani.

Kuna makosa ambayo hata asiye fundi anaweza kuyatambua. Feni haipaswi kuwekwa ndani ya orofa ya chini ya ardhi wala katika chumba chochote kinachokaliwa; mahali pake ni darini, nje ya nyumba au gereji isiyo chini ya vyumba. Sababu ni kwamba bomba lililo juu ya feni hubeba gesi kwa shinikizo, na likipata ufa litaimwaga ndani. Mdomo wa bomba nao lazima utokee juu, mbali na madirisha. Kanuni ya kawaida ni angalau futi 10 kutoka ardhini na futi 10 kutoka kwa dirisha au mlango ulio chini yake. Bomba linalotokea ubavuni mwa nyumba, karibu na dirisha la chumba cha mtoto, ni kazi iliyoharibika.

Kuziba nyufa ni sehemu ya kazi, lakini kuziba peke yake hakutoshi. Nyumba husogea, nyufa mpya huzuka, na gesi hupata njia nyingine. Fundi anayedai ataimaliza radoni kwa rangi ya sakafu au kwa gundi ya kuzibia anauza matumaini.

Mkataba na bei

Gharama hutegemea ukubwa wa nyumba, aina ya msingi na mahali bomba litakapopitia, na kwa nyumba nyingi za kawaida huwa dola elfu moja na zaidi. Mwenye nyumba anashauriwa kupata makadirio ya mafundi wasiopungua watatu na kuyalinganisha kwa maandishi. Bei ya chini kabisa huenda imeacha jambo muhimu nje.

Mkataba unapaswa kueleza mambo yafuatayo bila kuficha: kazi itakayofanywa na vifaa vitakavyotumika, jumla ya gharama, kwamba kazi itafuata viwango vya kitaifa vya ANSI/AARST, kiwango cha radoni ambacho fundi anaahidi kufikia, na atafanya nini bila malipo ya ziada asipokifikia, nani ataomba vibali vya serikali ya mtaa na nani ataunganisha umeme, muda wa dhamana ya feni na ya mtambo mzima, pamoja na bima inayomlinda mwenye nyumba endapo mfanyakazi ataumia au mali itaharibika.

Ahadi ya kushusha radoni hadi chini ya pikokyuri 4 ndiyo ya chini kabisa kukubalika. Katika nyumba nyingi mtambo uliowekwa vyema hufikisha 2 au chini ya hapo, hivyo si utovu wa adabu kumwomba fundi aandike namba ndogo zaidi.

Dalili nyingine za kutiliwa shaka ni fundi anayetaka malipo yote kabla ya kuanza, anayemtisha mteja atie saini siku iyo hiyo, asiyetaka mtu mwingine apime baada yake, au anayeuza mashine ya kusafisha hewa kama tiba kamili. Radoni haiui kwa siku moja wala kwa wiki. Hatari yake hujengeka kwa miaka, na kwa hivyo upo wakati wa kutosha wa kuuliza, kulinganisha na kuchagua. Ila wakati huo usigeuke kuwa kisingizio cha kuahirisha mwaka baada ya mwaka.

Baada ya mafundi kuondoka

Mtambo ukishawashwa, kipimo kipya hufanywa baada ya saa 24 na kabla ya siku 30 kupita. Bila kipimo hicho hakuna ithibati kwamba pesa zimefanya kazi. Fundi pia huacha kifaa kidogo kwenye bomba, aghalabu mrija wenye umbo la herufi U uliotiwa maji ya rangi. Maji yakiwa juu upande mmoja na chini upande wa pili, feni inavuta. Yakilingana pande zote mbili, feni imezimika. Kifaa hicho hakipimi radoni, lakini kukitupia jicho kila wiki ni desturi njema.

Feni huweza kudumu miaka mitano au zaidi kabla ya kuhitaji kubadilishwa. Nyumba hupimwa tena kila baada ya miaka miwili, na vilevile baada ya ukarabati mkubwa au familia inapoamua kugeuza orofa ya chini kuwa vyumba vya kulala. Mwenye nyumba anayetumia maji ya kisima chake mwenyewe, na ambaye hewa yake imepatikana na radoni nyingi, anashauriwa kupima maji pia.

Mpangaji hana uwezo wa kutoboa sakafu ya nyumba isiyo yake, lakini anaweza kununua kifaa na kupima. Matokeo ya maabara yaliyoandikwa humpa hoja ya kumpelekea mwenye nyumba, naye akipuuza, idara ya afya ya jimbo ndiyo ya kuombwa ushauri. Kwa mnunuzi, sheria ya Minnesota iliyoanza kutumika Januari 2014 humlazimu muuzaji kueleza kwa maandishi vipimo vyote vya radoni anavyovijua. Anayetia saini bila kuisoma karatasi hiyo amejinyima haki yake mwenyewe.

Nchi nyingine na Kenya

Nchini Canada, kiwango cha kuchukua hatua ni bekereli 200 kwa mita ya ujazo, na wataalamu hutafutwa kupitia mpango wa C-NRPP. Uingereza nayo hutumia kiwango hicho cha bekereli 200, na maeneo ya Cornwall na Devon ni miongoni mwa yanayojulikana zaidi kwa gesi hiyo.

Kenya si ngeni kwa miale ya ardhini. Kilima cha Mrima katika Kaunti ya Kwale kina thoriamu nyingi, na watafiti wamewahi kupima hewa ya nyumba za udongo za eneo hilo. Thoriamu huzaa ndugu wa radoni aitwaye thoroni, ambaye nusu yake huoza kwa muda usiofika dakika moja. Hata hivyo, nyumba nyingi za Kenya hazina orofa ya chini ya ardhi, na madirisha yake huwa wazi sehemu kubwa ya mwaka, hivyo gesi hupata njia ya kutoka. Masuala ya miale husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia (KNRA), iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2019.

Tofauti hiyo ya makazi ndiyo humfanya mgeni kutoka Kenya asilifikirie tatizo hili anapokabidhiwa funguo za nyumba yake ya kwanza ughaibuni. Hakuzoea kuwa na chumba kilichozikwa ardhini wala kufunga madirisha tangu Oktoba hadi Aprili. Kifaa cha makaa cha siku chache ndicho kitakachomwambia kama mama aliyelala chini anavuta hewa safi, na orodha ya jimbo ndiyo itakayomwonyesha wa kumwita iwapo hewa hiyo si safi.